Utani Usiojibiwa

Kwa dakika nne na sekunde kumi, Kalunde Mihayo aliwatia adabu watu mia tatu na kumi na wawili, na wote walikuwa marehemu.

Aliifanya kazi hiyo akiwa amesimama, mikono kiunoni, huku wenzake wa karakana wakitazama ukuta mzima wa skrini ambako majina ya mafaili yalipita kwa kasi isiyosomeka. Mafaili yalikuwa elfu arobaini na nane na mia sita, kila moja na kauli moja ya mtu. Skripti yake ilikuwa na mistari arobaini na mmoja tu. Ilifungua faili, ikasoma kilichomo, ikikuta neno lililo kwenye orodha inaling'oa na kupanda la adabu mahali pake, kisha inahifadhi, inafunga na kwenda kwenye faili linalofuata. Mtu wa kuifanya kwa mkono angemaliza baada ya miaka mitatu, tena akiwa na makengeza.

"Limeharibika hata moja?" aliuliza Audax Rugaimukamu, mkurugenzi wa karakana.

"Hata moja, mkurugenzi. Nakala za zamani nimezihifadhi pembeni, na jana niliijaribu kwenye mafaili mia mbili kabla ya kuiachia yote. Mimi sibahatishi."

Vigelegele vikapigwa. Audax alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Alikuwa Mhaya mrefu ambaye hakuweza kumsifu mtu bila kutaja kwanza shule alizosoma. "Nimesoma nchi tatu, Kalunde," alisema, "na sikukutana na mtu wa aina yako." Kalunde hakujitia kuzikataa sifa hizo. Alikuwa amezifanyia kazi, basi akazipokea kichwa juu.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na saa kumi alasiri kasha lilitakiwa kufungwa. Kasha lenyewe lilitoshana na kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani yake ungeingia mchezo mzima ulioitwa Mtaani. Siku ya pili yake lingesafirishwa kutoka hapa Tabora hadi uwanja wa kurushia, likapandishwe kwenye chombo kilichokuwa kinawapeleka watu elfu mbili kwenda kuishi kwenye sayari ya Mirihi. Watoto wa watu hao wangezaliwa huko, kwenye vyumba visivyofunguliwa dirisha. Nyumbani wangepajua kwa kuvaa miwani ya mchezo, kupita Mtaani na kuzungumza na wenyeji wake: fundi cherehani, muuza asali, mama wa maandazi, dereva wa treni. Wenyeji hao hawakubuniwa. Walikuwa watu wa kweli walioridhia kuvaa maikrofoni kifuani mwaka mzima kabla ya kufa kwao, ili wanavyosema vibaki.

Tatizo lilikuwa Mchujo. Baraza la Safari halikuruhusu kitu chochote kipakiwe chomboni kabla mashine yake ya kukagua, hiyo iliyoitwa Mchujo, haijakisoma. Mchujo ulisoma faili moja moja, na mafaili elfu kumi na moja mia mbili na manne uliyatia alama nyekundu: matusi ya kikabila. Mhandisi mmoja wa Baraza alijaribu kuyasafisha kwa orodha yake mwenyewe akaambulia mia tisa, maana hakujua kwamba kumwita Mnyamwezi kichwa bapa ni kumwambia babu yake alikuwa mpagazi. Kalunde alijua. Alikaa siku tatu akaandika maneno mia sita na arobaini kutoka kichwani, ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, bila kuuliza mtu. Mkataba wa marehemu ulikataza kupunguza hata kauli moja. Haukusema lolote kuhusu kubadilisha, naye alilisoma pengo hilo akaliona linamtosha.

Karakana hiyo ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Kila mtu aliyeingizwa Mtaani ilikuwa lazima atambuliwe. Aliitwa mtu aliyemjua marehemu, akaketi naye ndani ya mchezo, akaongea naye atakavyo, kisha akavua miwani na kusema neno moja tu: "Ndiye" au "Siye." Na mafaili yakiguswa baada ya hapo, walau marehemu mmoja alitambuliwa upya kabla ya kufunga. Safari hii walimwachia Kalunde achague nani. Alimchagua baba yake mzazi, Mihayo, dereva wa treni, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Alitaka na yeye awepo siku ya fahari ya bintiye.

*

Mtambuzi alifika saa tano kasoro robo. Alikuwa Bi Sikudhani Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi akazeekea hapo. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ndiye sauti ya vipaza sauti vya stesheni. Yeye na Mihayo walikuwa watani, kama Wazaramo na Wanyamwezi walivyo tangu enzi za misafara, na stesheni nzima ilijua kwamba siku wasipotukanana kuna mmoja wao anaumwa.

"Shikamoo, Bi Sikudhani," alisema Kalunde.

"Marahaba. Kumbe Wanyamwezi siku hizi mnakaa kwenye viti? Nilidhani mnakalia mizigo."

"Mizigo tuliitua, bibi. Ile mizito zaidi ilikuwa ni ninyi, mmelala juu yake."

Bi Sikudhani alicheka akampiga Kalunde kofi la bega. Akaketi, akavalishwa miwani, na skrini ya ukutani ikaonyesha alichokiona: benchi la mbele ya dirisha la tiketi, jua la saa nne, na Mihayo katika koti lake la udereva lenye kifungo kimoja kilichokatika. Alikuwa anakohoa vilevile alivyokohoa siku zote. Kalunde akasogea karibu na skrini, maana kazi ilikuwa nzuri na alitaka kuitazama vizuri.

"We mtumwa wangu," Bi Sikudhani alianza, "bado unanuka viazi vikavu?"

Mihayo alimgeukia akatabasamu. "Karibu sana, dada yangu mpendwa."

"Nini?"

"Nimefurahi kukuona, Mzaramo mtulivu."

Bi Sikudhani aliirekebisha miwani. Akasogea mbele kwenye kiti. "Mihayo, nasema hivi, babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, akafika akaulizwa anataka nini, akasema anataka kupumzika. Babu yangu alikuwa ndiye mwenye mkeka. Unasemaje?"

"Nashukuru kwa maneno yako," alisema Mihayo. "Wazee wetu wote walikuwa watu wenye busara."

Mmoja wa vijana wa michoro alicheka, kisha akaona hakuna anayemsaidia kucheka. Bi Sikudhani alijaribu mara ya tatu, safari hii kwa tusi zito ambalo lilimfanya Audax atazame viatu vyake. Mihayo aliinamisha kichwa kwa heshima akamtakia siku njema.

Bi Sikudhani akavua miwani. Alimtazama Kalunde, si kwa hasira.

"Siye."

"Bibi, sauti ni ileile. Hatukuigusa sauti."

"Sauti ni yake. Koti ni lake. Hata kikohozi ni chake, mashallah, mmekipata. Lakini huyu mtu anayenistahi simjui. Mihayo hajawahi kunistahi siku hata moja, na kwa sababu hiyo nimetembea mji huu kifua mbele miaka yote. Mimi mgeni hapa, sina ndugu, lakini yupo mwanamume mzima anayeniita mtumwa wake mbele za watu, na mimi namwita wangu. Sasa mtoto wa huko Mirihi akimwona huyu atasema walikuwa wamejuana juzi."

Audax alisafisha koo. Alisema kwa adabu kwamba wamemsikia, na kwamba kwa bahati mbaya muda haupo.

"Mnamfunga saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

"Chumba kipi?"

Kalunde alimwonyesha mlango wa chumba cha kufungia, kwa kuwa mtu mzima akiuliza hujibiwa. Bi Sikudhani aliinuka. Akapita karibu na mashine ya kupigia picha nguo, ambapo koti halisi la Mihayo lilikuwa bado limetundikwa, akalitungua akalivaa. Lilimfika magotini. Kisha akavua khanga yake ya mabegani, akaitandika mbele ya mlango ule, akajilaza juu yake kimo chake chote, miguu upande huu na kichwa upande ule.

"Maiti haitoki," alisema.

*

Hapakuwa na mtu kwenye karakana ile asiyejua maana yake. Mtani ana haki ya kuzuia mazishi. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza, atalala kaburini na kusema hazikwi mtu hapa mpaka apewe anachotaka. Hasukumwi, hakaripiwi, na anayemkasirikia ndiye anayeaibika. Kuna watu hungoja saa mbili juani kwa sababu ya mtani mmoja, na wakirudi nyumbani husema mazishi yalifana.

Audax alimwita mlinzi. Mlinzi alikuja, akamwona Bi Sikudhani ndani ya koti lile, akarudi nyuma.

"Mkurugenzi, hii si kazi ya ulinzi," alisema. "Huyu mtani. Nikimgusa leo nitasimuliwa mpaka kwetu Dodoma."

Basi Audax akafanya lililobaki, akajieleza. Alichuchumaa na suti yake mbele ya bibi yule aliyelala. "Mama, nisikilize. Nina wajukuu wawili kwenye chombo kile. Mkubwa ana miaka mitano. Tukirudisha maneno ya zamani, Mchujo utakataa, na ukikataa hatupewi nafasi nyingine. Watapanda na mchezo wa mipira na magari, basi. Hakuna fundi cherehani, hakuna mama wa maandazi, hakuna mtu wa kuwaamkia. Mimi naona bora wakutane na Mihayo mwenye adabu kuliko wasikutane na mtu kabisa."

Maneno hayo hayakuwa ya kipumbavu, na Bi Sikudhani hakuyajibu kipumbavu.

"Wajukuu zako wawe na afya," alisema. "Lakini mwanangu, wakijifunza kwamba watu wa makabila mawili hukaa benchi moja kwa kutakiana siku njema, siku mmoja akiteleza kwa neno watauana. Sisi hatukuuana kwa sababu maneno yote mabaya tulishayatumia kuchekea. Hilo ndilo mnalolitoa humo ndani."

Kalunde alikuwa amesimama kando, na uso ulikuwa unamwaka. Bi Sikudhani akamgeukia. "Maneno ya kuondoa aliyaandika nani?"

"Mimi, bibi."

"Yote?"

"Yote. Mia sita na arobaini."

"Ndiyo maana," alisema Bi Sikudhani, na sauti yake ilikuwa na kitu cha kusifu. "Mgeni angesahau mengi. Kazi safi namna hii inataka mtu wa nyumbani."

Kalunde alitamani atukanwe. Alikumbuka alikoyapata maneno hayo: utoto wake wote chini ya benchi lile, akichezea tiketi zilizotumika, huku juu yake watu wawili wakirushiana na kucheka. Alikuwa ameufungua urithi wake kwa ufunguo wake mwenyewe na kuufagia nje. Tena alikuwa ametoa hesabu kwa fahari. Aliona haya, na haya hiyo ilimkalia kifuani kama chakula kilichokataa kushuka.

Akaketi sakafuni karibu na kichwa cha Bi Sikudhani. "Nikirudisha nakala za zamani, Mchujo utaona matusi tu," alisema polepole. "Unasoma faili moja. Ndani ya faili kuna baba peke yake, anamwita mtu mtumwa."

"Basi mashine ina akili kuliko nilivyodhani. Ningemkuta mtu peke yake anasema hivyo, na mimi ningemwita polisi. Utani hauendi peke yake, binti Mihayo. Ukinitukana nikajibu, tumetaniana. Ukinitukana nikanyamaza, hapo umenitukana."

Kalunde alimtazama. Kisha akasimama ghafla hata goti likalia, akaenda kwenye meza yake na kuzifungua kanuni za Baraza. Alikuwa amezisoma zamani, lakini baada ya orodha ya makosa yaliyobaki aliyapitia juujuu. Kanuni ya tisa iliwekwa kwa ajili ya mashindano ya maneno ya watu wa visiwa vya mbali, na yeye aliipita kwa kuona haimhusu. Ilisema kwamba kauli kali hupita iwapo aliyeambiwa anajibu ndani ya faili hilohilo, kwa mkazo uleule, na sauti za pande zote mbili hazina hasira.

"Mkurugenzi," aliita, "nipe mpaka saa tisa."

*

Skripti ya pili haikuwa ya mistari arobaini na mmoja. Ilimtoa jasho. Kwanza alirudisha nakala za zamani zote, na matusi elfu kumi na moja yakarudi nyumbani kwao. Kisha akaiandikia skripti namna ya kutafuta majibu. Maikrofoni za marehemu zilinasa pia sauti za waliokaa nao, na sauti hizo zilitupwa kwenye folda moja iliyoitwa Makelele, ambayo tangu siku ya kwanza haikufunguliwa na mtu. Kila kipande cha sauti kilikuwa na siku, saa na mahali. Skripti ilichukua kauli iliyotiwa alama nyekundu, ikaenda Makelele, ikatafuta nani aliongea ndani ya sekunde kumi zilizofuata, mahali palepale, kisha ikaunganisha vyote viwili ndani ya faili moja. Safari hii haikubadilisha neno la mtu.

Kabla ya kuiendesha alimrudia Bi Sikudhani, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameletewa chai na kuinywa akiwa amejiegemeza kwenye mlango wake.

"Bibi, sauti yako imo. Nyingi sana. Naomba ruhusa."

"Mimi sijafa."

"Najua."

"Nilikataa maikrofoni yenu kwa sababu hiyo." Alipuliza chai. "Haya, nipeleke. Lakini mkinitia adabu nitawafuata hukohuko Mirihi."

Skripti ilikimbia kwa dakika ishirini na sita. Hapakuwa na vigelegele, kila mtu alisimama nyuma ya Kalunde na kusoma. Alama nyekundu zilianza kugeuka kijani, moja moja, kisha kwa mamia, Wagogo na Wahehe, Wasukuma na Wazaramo, mafundi na wateja wao, na kutoka kwenye vipaza sauti vya ukaguzi vikasikika vicheko vya watu wengi waliokwisha kuzikwa. Kalunde alifurahi. Asubuhi alijivunia kasi yake, sasa alijivunia watu wale, na akaona tofauti.

Hesabu ilisimama. Yaliyojibiwa: elfu kumi na moja mia moja themanini na matano. Yasiyojibiwa: kumi na tisa.

Kalunde aliyafungua. Yote yalikuwa ya baba yake. Yote alikuwa akimwambia mtu mmoja, na tarehe zilikuwa za siku kumi za mwisho, hospitalini.

Akaenda akamweleza Bi Sikudhani, na kwa mara ya kwanza siku ile bibi yule aliketi wima.

"Aliniambia nini?"

"Utani, bibi. Lakini hukuwepo kujibu."

"Nilikuwa Kisarawe namzika dada yangu. Hamkunipigia simu."

"Alikataza. Alisema Mzaramo anaweza kubeba msiba mmoja tu, wa pili ataudondosha njiani."

Bi Sikudhani alifumba macho. Wakati ule alirudi Tabora siku ya nne baada ya mazishi akakuta udongo umekwisha kukauka. Mihayo alizikwa kwa utaratibu, saa iliyopangwa, bila mtu wa kulala kaburini. Kalunde aliyakumbuka mazishi yale: yalikuwa mafupi na kimya, na watu walitawanyika mapema.

"Niwekee maikrofoni," alisema Bi Sikudhani.

*

Alijibu akiwa palepale mlangoni, na koti la Mihayo mwilini. Kalunde alimsikilizisha kauli moja, akanasa jibu, akaliunganisha kwenye faili kwa mkono. Hapo skripti haikuwa na kazi.

"Sikudhani," ilisema sauti ya Mihayo, nyembamba, ya mtu aliyelala, "nesi ameniletea uji wa nazi. Kumbe ndiyo maana hamwezi kulima, nguvu zote mnakamulia nazi."

"Unywe uji, mbeba mizigo wewe. Ulivyozoea kutafuna viazi vikavu, nazi itakukwama."

Kijani.

"Sikudhani, daktari ananiambia nipumzike. Nimemwambia amtafute Mzaramo, ndiye fundi wa kupumzika."

"Na kweli! Ungeniita nikufundishe. Umeanza kupumzika uzeeni, unakosea mpaka kulala."

Kijani. Watu walicheka, Audax pia, akishika tai yake. Ya tatu, ya saba, ya kumi na mbili. Bi Sikudhani alikuwa amechangamka, alijibu kabla kauli haijaisha, akanyoosha kidole kwenye kipaza sauti kama kwamba mtu wake yumo ndani. Ya kumi na nane ilipita saa tisa na dakika arobaini.

Kalunde akafungulia ya kumi na tisa. Ilinaswa alfajiri ya siku ya mwisho.

"Sikudhani, mtumwa wangu." Kikohozi kirefu. "Usije ukanililia. Nakukataza. Ukilia watu watajua hukuwa mtani wangu, ulikuwa rafiki tu."

Bi Sikudhani alifungua kinywa, na hakikutoka kitu. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola ya koti. Alitikisa kichwa. Dakika moja ilipita, kisha mbili, kisha kumi, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Saa kumi kasoro dakika nane Audax aliinama sikioni kwa Kalunde. "Andika jibu wewe," alinong'ona. "Sauti yake tunayo sasa. Mashine italitamka vizuri, hata yeye hatajua. Ni kauli moja, Kalunde. Wajukuu zangu."

Na Kalunde aliweza. Jibu lilikuwa tayari kichwani mwake, tena zuri, alilelewa chini ya benchi lile na alijua vizuri bibi huyu angesema nini. Lingemchukua sekunde thelathini. Kulifuta faili lenyewe hakukuwezekana, kwa kuwa kauli moja ikipungua mkataba wa baba yake unavunjika na anatolewa Mtaani kabisa. Kulikuwa na njia mbili tu: aandike yeye, au angoje na pengine akose kila kitu, yeye na wale mia tatu na kumi na mmoja waliobaki na watoto wa watu.

"Siandiki," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Asubuhi niliwasemea watu mia tatu. Huyu atasema mwenyewe, au tutakaa hapa wote mpaka saa ipite."

Audax, mkurugenzi aliyesoma nchi tatu, alivuta suruali magotini akaketi sakafuni, na wengine wakaketi.

Saa kumi kasoro dakika tatu Bi Sikudhani alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alinyoosha mgongo. Aliposema, haikuwa sauti ya bibi aliyekuwa akinywa chai, ilikuwa ile iliyojaza majukwaa ya stesheni kwa miaka thelathini na minane, pana na isiyo na haraka.

"Abiria wote mnatangaziwa. Treni ya Mnyamwezi imeondoka kabla ya saa yake, kwa mara ya kwanza tangu dereva huyo aajiriwe. Mzaramo aliyekuja kuisindikiza amekuta reli tupu. Uongozi hauombi radhi. Anayelia, analia kwa kuwa treni hiyo haikuwahi kufika mapema alipokuwa anaingoja."

Kalunde aliunganisha faili akalituma. Mchujo ulisoma maneno, ukapima sauti ya mwanamume anayekohoa na sauti ya mwanamke anayetetemeka, ukatafuta hasira humo, haukuikuta. Kijani.

Bi Sikudhani akainuka, akakunja khanga yake, akasogea kando ya mlango. "Ndiye. Mpitisheni," alisema.

Hapo ndipo Kalunde alipocheka. Alicheka kwa sauti, mpaka akashika ukuta, na watu waliomzunguka wakacheka kwa kumwona yeye, na mlinzi aliyesikia kule nje akaja kuchungulia. Alijua kwamba hayo ndiyo mazishi, na kwamba miaka miwili iliyopita walikuwa wamefukia udongo tu. Akalibeba kasha kwa mikono miwili, akaingia nalo kumzika baba yake.